Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: ubaguzi ukienda kujitolea Ujerumani ukitokea Bagamoyo

Maswali haya nimeyaokota barazani kwetu. Kila mwaka kabla ya safari, vijana wa Dunda, Magomeni, Nianjema na hata Kaole hupita nyumbani, kwa kuwa wamesikia nilikaa miezi 12 nikihudumia wazee katika mji mdogo wa Ujerumani. Huanza na habari za baridi na makoti. Swali lenyewe hulitoa wakiwa wameshaaga, viatu mguuni: "Dada, na ubaguzi je?" Basi nimeyaandika, ili asiye na muda wa kukaa barazani naye asome.

Je, nitabaguliwa kweli?

Inawezekana, na ni bora ulisikie kwangu kuliko likukute kituo cha basi hujajiandaa. Wapo waliorudi na kisa kimoja, wapo waliorudi na daftari zima. Inategemea mji, kazi, wenzako kazini, mtandio wako, na bahati pia. Wazee wetu walisema mgeni ni kuku mweupe: hata akijibanza katikati ya wenzake, mwewe humwona yeye kwanza. Kule kuku mweupe utakuwa wewe, na rangi ndiyo imegeuka. Kutazamwa tu si ubaguzi, lakini usidhani hakuchoshi. Mimi kuna Jumamosi nilikuwa nashindwa kwenda dukani kununua mkate, si kwa kuogopa chochote, basi tu sikutaka kutazamwa siku hiyo.

Huu mpango wenyewe ni upi?

Wengi hupitia weltwärts. Serikali ya Ujerumani iliuanzisha mwaka 2008 kwa ajili ya kupeleka vijana wake nje, ndio wale mnaowaona kwenye bodaboda wakienda kufundisha. Mlango wa sisi kwenda kwao ulifunguliwa mwaka 2013. Umri ni miaka 18 hadi 28. Ukifika unaingizwa katika utumishi wao wa kujitolea, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza mwaka 2011 baada ya wao kusimamisha jeshi la lazima. Unapata pa kulala, bima, na hela kidogo ya mfukoni. Kwa vijana, katika mwaka mzima kuna siku 25 za semina. Hizo semina usizikose hata ukiwa na mafua. Sababu nitaisema mbele.

Nitajuaje kama ni ubaguzi, au ndivyo walivyo?

Hapa ndipo pagumu kuliko kote.

Kuna mambo ya kule ambayo mtu wa Pwani atayachukua kuwa matusi, kumbe kwao ni kawaida. Utapanda basi utoe salamu, watu wanatazama dirishani. Jirani mtapishana ngazini mwezi mzima asikuulize umeamkaje. Msimamizi atakuambia mbele za watu "hapa umekosea", bila samahani, bila kukuita pembeni. Ukitupa chupa kwenye pipa la chupa siku ya Jumapili, utakuta karatasi imebandikwa mlangoni, maana Jumapili ni siku ya kimya. Wiki ya kwanza nilidhani mji mzima umenichukia. Baadaye nikaona hata wao kwa wao hawaamkiani.

Tatizo ni kwamba ukishalizoea hilo, utaanza kusamehe na yasiyosameheka. Kila kitu utasema "ndivyo walivyo". Kipimo changu kikawa kimoja: mtazame mwenzako. Nilianza kazi siku moja na kijana wa Kijerumani wa miaka 19, naye amekuja kujitolea kama mimi. Yeye alipewa kuwasomea wazee magazeti na kuwasindikiza kwa daktari. Mimi nilipewa vyombo na kufuta meza. Nikasema sawa, ni lugha. Mwezi wa tano Kijerumani changu kilishakaa vizuri, wazee wenyewe wananiita nikapige nao soga, lakini mimi bado ni wa vyombo. Nilipouliza nikajibiwa, kwa upole kabisa, kwamba ndugu za wazee huenda wasizoee. Yule kijana alikuwa hana cheti chochote cha uuguzi. Mimi ninacho.

Nilikaa na jibu lile miezi 2 bila kumwambia mtu, nikijiuliza kama nimesikia vibaya, kama najishuku, kama nina kiburi. Jibu lenyewe lilichukua nusu dakika, pale jikoni. Kujihoji kulichukua usiku mwingi. Kwa hiyo nikimweleza mdogo wangu anayesafiri jambo moja tu, humweleza hili: huhitaji kuwa na uhakika ndipo useme. Sema nimeona hiki, siku fulani, saa fulani, na sijui kina maana gani. Kupima kama ni ubaguzi au sivyo ni kazi ya watu wawili watatu, mtu mmoja kitandani usiku haiwezi.

(Suala la vyombo liliisha nilipolisema kwenye semina. Mratibu alipiga simu, na wiki iliyofuata nilikuwa nasukuma kiti cha magurudumu kuelekea kwa daktari wa macho. Miezi 7 ilikuwa imeshapita.)

Mzee ninayemhudumia akikataa nisimguse?

Lilinitokea. Bibi wa miaka 90 na ushei alinifukuza chumbani kwa lile neno lao la zamani la kumwita mtu mweusi. Alikuwa na ugonjwa wa kusahau, jina la mwanawe mwenyewe halikumbuki. Sisi tumelelewa kumnyamazia mkubwa, na mimi shikamoo ilikuwa imeshanifika mdomoni. Nikanyamaza. Lililoniuma zaidi ni muuguzi tuliyekuwa naye: alicheka kidogo, akasema "hajui asemalo," akaendelea kukunja mashuka. Bibi kweli hajui. Muuguzi alikuwa anajua.

Kwa mgonjwa wa namna ile usijibizane. Toka, mwombe mwenzako amalizie. Kuomba hivyo si uvivu. Kwa mfanyakazi mwenzako, zungumza naye, na ukiweza isipite kesho. Mimi nilimwendea siku ya pili wakati wa kahawa nikamwambia kilichoniuma kilikuwa ni kicheko chake. Alishikwa na haya akawa mwekundu. Toka siku ile akawa wa kwanza kunisemea. Si wote watakuwa kama yeye, nakuambia mapema.

Wakisema wanatania?

Utani una wenyewe. Huku kwetu Mzaramo na Mnyamwezi wanatukanana hadi msibani, na kila mmoja anajua mpaka uko wapi na yeye atarudisha lini. Ukiwa huwezi kurudisha, huo si utani. Waambie hivyo hivyo.

Wanaogusa nywele?

Rudisha kichwa nyuma, sema "nein". Watoto wa chekechea wasamehe, waeleze. Watu wazima hawana udhuru.

Kwa nini wananiuliza nimekuja "kujifunza" wakati nimekuja kujitolea?

Kwa sababu vichwani mwao msaada una njia moja, unatoka kwao unakuja kwetu. Mwafrika aliyepanda ndege kwenda kumsaidia Mjerumani hawajui wamweke wapi. Utaulizwa kama umekimbia vita. Utaulizwa kama utarudi. Utapongezwa kwa kujua kutumia mashine ya kufulia.

Na tusiwasingizie wao tu. Hapa Bagamoyo akija kijana wa Kijerumani aliyemaliza sekondari juzi, tunampa chaki na darasa zima, tunamwita mwalimu, hata kama hajawahi kusoma ualimu. Akiingia zahanati mtu anamwita daktari. Mwuguzi wetu mwenye diploma akienda kule anapewa kitambaa cha meza. Mambo hayo mawili yametoka chungu kimoja, na kuni nyingine tunachochea sisi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo tulivyofunzwa. Basi uliza mapema jembe lako ni lipi. Kabla hujasaini mkataba, taka maelezo ya kazi kwa maandishi, na cheti chako kitajwe humo.

Je, wanajua kwamba walitutawala?

Wengi hawajui. Nilimwambia mwenye nyumba wangu kwamba mji wetu ulikuwa makao makuu ya serikali yao mpaka mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam, akadhani nachanganya na Waingereza. Nikamwonyesha kwenye simu picha ya makaburi ya Wajerumani yaliyopo karibu na ufukwe wetu, majina yanasomeka. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akaleta keki, ambayo ndiyo njia yao ya kusema mengi.

Mambo yanabadilika, polepole. Novemba 2023 Rais wao Steinmeier alikwenda Songea akaomba msamaha kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji. Agosti 2024 huko Berlin waliifuta Petersallee, barabara iliyohusishwa na Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule ambaye huku aliitwa Mkono wa Damu, na kipande kimoja wakakiita Maji-Maji-Allee. Ukipata nafasi nenda ukapige picha. Lakini usigeuke mwalimu wa historia wa kila mtu. Ukichoka, sema umechoka.

Kuna mtu wa huku aliyewahi kuyapitia haya zamani?

Yupo. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwana wa hapa hapa Bagamoyo, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1904 alioa mwanamke wa Kijerumani. Walipotaka kuja kuishi huku Pwani, serikali ya kikoloni ilikataa kuwapokea kwa sababu ya ndoa ile, wakageuza kurudi Ujerumani. Alifia Berlin mwaka 1927. Mtu aliyewafundisha Wajerumani Kiswahili alizuiwa kuingia nyumbani kwake, na waliomzuia ndio waliokuwa wageni. Nilimjulia kule, kwenye semina, na niliona aibu kwamba sikumjulia Dunda.

Nikisimamishwa na polisi kwenye treni, mimi peke yangu behewa zima?

Hilo hutokea, na kule hulalamikiwa sana. Mwaka 2012 mahakama kuu ya utawala ya jimbo la Rheinland-Pfalz iliamua kwamba kumkagua abiria kwa sababu ya rangi ya ngozi yake kunakwenda kinyume na ibara ya 3 ya Katiba yao. Uamuzi huo haujamaliza ukaguzi, ila umekupa pa kusimamia. Pasipoti na kibali cha kuishi tembea navyo. Toa kitambulisho, usikimbie, usipandishe sauti. Una haki ya kuuliza kwa nini umechaguliwa wewe, na kumwomba askari ajitambulishe. Ukishashuka andika saa, namba ya treni na jina lake. Ukiwa katika hatari, namba ya polisi ni 110. Gari la wagonjwa na zimamoto ni 112.

Nikilalamika, si watanirudisha nyumbani?

Hofu hii ndiyo inayowafunga wengi mdomo, na wapo wanaoijua wakaitumia.

Kulalamika si kosa. Kitu cha kuwa nacho makini ni mkataba, kwa kuwa kibali chako cha kuishi kimeshikana na ile kazi ya kujitolea. Ukikasirika ukaacha kazi na kuondoka, mkataba unakatika na kibali kinakuwa mashakani. Kwa hiyo usiache kwanza halafu ndiyo uombe kuhamishwa. Omba kuhamishwa ukiwa bado kazini, kwa maandishi, kupitia shirika lililokupokea, na nakala ipeleke kwa shirika lililokutuma huku Tanzania. Mdogo wangu mmoja wa Magomeni alihamishwa hivyo kutoka shamba moja alilokuwa anafanyishwa kazi peke yake mvuani, akapelekwa karakana ya watu wenye ulemavu, na miezi yake ikahesabiwa yote.

Nimwambie nani hasa?

Anza na daftari. Tarehe, mahali, maneno kama yalivyosemwa, nani alikuwepo. Andika kwa Kiswahili, usihangaike na Kijerumani chenye machozi. Tafsiri itafanywa baadaye.

Kisha msimamizi wako wa kazini, isipokuwa kama mkosaji ndiye yeye. Kisha mratibu wa shirika, na hapo ndipo zile semina zinapofaa: mnakaa vijana wa nchi mbalimbali, Mmalawi anasema lake, wa Peru anasema lake, na ghafla unagundua kwamba lile ulilodhani ni lako peke yako lina majirani. Waratibu nao huliona kwa urahisi zaidi likisemwa na watatu.

Nje ya shirika kuna ofisi ya serikali ya shirikisho ya kupinga ubaguzi, Antidiskriminierungsstelle, na vituo vya ushauri katika miji mingi. Ushauri wa ile ofisi ni bure. Sheria yao ya usawa, wanayoifupisha AGG, ni ya mwaka 2006; inagusa ajira, nyumba za kupanga, maduka na huduma. Shika hili: anayetaka kudai fidia chini ya sheria hiyo anapewa miezi 2 tu. Mimi miezi 2 niliimaliza kwa kujihoji. Mambo ya ofisi za umma na polisi hayamo humo kwa kawaida, ila jimbo la Berlin lilitunga sheria yake mwaka 2020 inayogusa hata ofisi hizo. Kama jambo lako linaingia au haliingii, mwulize mshauri, usiulize kundi la WhatsApp. Ubalozi wetu uko Berlin, na namba yake iwe kwenye simu yako kabla hujaondoka.

Mtandio, swala na funga?

Andika barua pepe kabla ya safari: navaa mtandio, sili nguruwe, naomba dakika chache za swala. Usisubiri kufika. Wanapenda kujua mambo mapema kuliko kitu chochote, na ukishayaandika wanaobadilika baadaye ni wao. Ramadhani ikiangukia miezi ya joto, jua linachelewa sana kuzama. Mweleze msimamizi ili usipangiwe kuinua wagonjwa saa kumi na mbili jioni. Basini utakutana na maneno. Kaa mbele karibu na dereva. Na msikiti, hata mji mdogo huenda upo, mara nyingi wa Waturuki. Kwenye futari zao ndipo nilipoacha kuwa kuku mweupe kwa muda.

Mama nimwambie?

Mimi sikumwambia. Kila akipiga nilisema salama, baridi tu. Naye, kumbe, alikuwa anajua. Mama anasikia pumzi. Siku nilipomwambia, alisema "vumilia mwanangu," neno ambalo nilikuwa nalikimbia. Halafu akaongeza: "Lakini usivumilie ukaja ukanirudia kipande." Tangu hapo nikawa namwambia, ila namchagulia. Dada yangu nilikuwa namwambia yote.

Ndugu wengine jitayarishe nao. Ukisema umebaguliwa, kuna atakayejibu "si uko Ulaya lakini?" kisha akuombe simu.

Mbona na sisi huku tunawaita wazungu, tunawapandishia nauli?

Swali zuri, na kila mwaka anayeliuliza ni mtu mmoja tu. Mtoto anayepiga kelele "mzungu!" kule Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo hana ubaya moyoni, lakini mwite mtu kwa rangi yake mara arobaini kwa siku uone kama hatachoka. Nilikuwa nacheka zamani. Niliporudi sikucheka tena.

Uzito hata hivyo haulingani. Mgeni wa Kijerumani hapa atalipishwa zaidi na bodaboda, lakini hakuna atakayemnyima chumba. Mwenye nyumba atamwondoa mpangaji wa zamani ampishe yeye.

Kisa kilichonigeuza ni cha binti mmoja, baba Mghana, mama Mjerumani, aliyekuja kujitolea shule moja hapa. Mama mwenyeji alikwenda kumpokea stendi, akampita. Alipoonyeshwa, akauliza mbele yake: "Na mzungu wetu yuko wapi?" Watu wakacheka. Wiki nzima majirani walimuuliza anatoka wapi, akisema Ujerumani wanamwambia hapana, unatoka wapi hasa? Shuleni walitaka mwenzake, mweupe, ndiye afundishe Kiingereza. Nilimkuta jikoni amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi huku analia. Akaniambia swali lile lile ameulizwa kwao tangu chekechea, na alikuwa amehesabu kwamba Afrika hataulizwa. Sikuwa na jibu. Nilichukua kifuu kingine nikakaa kando yake, tukapokezana ile mbuzi mpaka nazi zikaisha.

Ungeenda tena?

Ningeenda. Ningedai kiti cha magurudumu mwezi wa kwanza.

Koti ninunue huku au kule?

Huku, mitumba, ni nafuu. Langu nililitoa soko la Karume, Dar es Salaam. Siku ya kwanza kazini nilipolivua, bibi mmoja aliyekuwa amekaa karibu na mlango akaligeuza kola, akasoma lebo, akasema duka hilo lilikuwa mtaani kwao na lilifungwa miaka mingi. Akaniuliza nimelipata wapi. Nikamwambia Karume. Akafikiri kidogo, akaniuliza Karume iko mtaa gani, maana yeye mji huu ndimo alimozaliwa.